Robo kwa Robo: Wasifu wa Marehemu Ngumi, Mfunga Vali wa Idara ya Maji

Familia imeombwa na wengi isome wasifu mfupi na wa upole. Mfupi tutajitahidi. Upole tutausoma pale ulipokuwepo, maana marehemu kaka yetu, ambaye nyote hapa mlimwita Ngumi, hakupewa jina hilo kwa kukanda unga. Alipiga watu, alipigwa na watu, na amekufa kwa kupigwa. Tukiyaruka hayo tutakuwa tunamzika mtu mwingine, na kaburi hili limechimbwa kwa kimo chake.

Ngumi alizaliwa asubuhi ya Alhamisi, tarehe 4 Agosti 1966, akiwa mtoto wa tatu kati ya sita wa fundi viatu na muuza mboga. Marehemu mama yetu alikuwa kwenye foleni ya kisima, mimba ikiwa ya siku yoyote, jirani mmoja alipojichomeka mbele yake. Mama hakuwa mtu wa kuchomekewa. Maneno mawili matatu yakatoka, kisha ndoo ya bati ikamtua kichwani, naye akamkamata jirani nywele na kumbamiza kwenye ukingo wa kisima. Wakagaragara matopeni mpaka uchungu ulipoanza. Jirani yule yule ndiye aliyempokea mtoto, nyuma ya ukuta wa kisima, pua ikimchuruzika damu huku akifunga kitovu. Walizeeka wakitaniana kwa hilo. Mama alisema ndiye aliyemzaa, na jirani alisema ndiye aliyemtoa kwa ndoo.

Alianza shule ya msingi Januari 1974. Akiwa darasa la tatu, mdogo kama kifaranga, alimkuta mvulana mkubwa wa darasa la saba amekaa juu ya tangi la maji ya kunywa, ananawa miguu ndani yake. Kaka yetu alipanda ngazi ya tangi na kumtandika ngumi moja ya pua. Wote wawili wakatumbukia. Walipotolewa, mwalimu mkuu aliwachapa wakiwa wamelowa hivyo hivyo, na maji ya kunywa ya wiki nzima yakamwagwa. Mwalimu ndiye aliyeanza kumwita Ngumi, kwa hasira, na jina likamganda. Sekondari alifika kidato cha pili. Mwaka 1983 aliacha shule, au shule ilimwacha yeye, inategemea unamuuliza nani. Kulikuwa na kiranja, kulikuwa na dirisha, na kiranja alipita dirishani.

Tarehe 2 Februari 1987 aliajiriwa na idara ya maji kama kibarua wa kuchimba mitaro. Alichimba kama anayemtafuta mtu amtoe huko chini. Baada ya miaka miwili alikabidhiwa kwa mzee aliyefunga na kufungua maji ya mji mzima, ambaye vijana walimwita Babu wa Vali. Kwa wasiojua kazi hiyo, mji wetu haujawahi kuwa na maji ya kutosha watu wote kwa pamoja. Maji yanakwenda kwa zamu, mtaa wa juu leo, mtaa wa chini siku nyingine, na zamu hiyo haiendi yenyewe. Chini ya kila mfuniko wa chuma mnaoukanyaga barabarani kuna shimo, na ndani ya shimo kuna vali. Mtu anashusha ufunguo mrefu wa chuma wenye umbo la herufi T, unaomfika kifuani, anauzungusha kwa mikono miwili, na maji yanahama mtaa.

Babu wa Vali alikuwa na sheria moja. Vali hufungwa robo kwa robo. Unazungusha robo, unatulia, unasikiliza bomba, ndipo unaongeza nyingine. Maji yanayoshuka kutoka kwenye tangi la mlimani ni mzigo unaokimbia, na ukiyafungia mlango ghafla yatatafuta pa kutokea. Kaka yetu alilisikia somo hilo kwa sikio moja. Jumatano ya tarehe 12 Juni 1991, mwanamume mmoja alimtukania mama yetu pale kwenye shimo. Ngumi akasema, "Ngoja nifunge hapa nije nikuonyeshe," na akaifunga vali kama mtu anayebamiza mlango. Bomba kuu lilipasuka pale pale barabarani. Maji yaliangusha ukuta wa nyumba, yakambeba Babu wa Vali na kumtupa kwenye kifusi, na mkono wake wa kulia ukavunjika mahali pawili. Hakuushika ufunguo tena maishani mwake. Kaka yetu alipokwenda kumwona hospitali, mzee hakumfokea. Alimwambia, "Ngumi, we piga unayetaka kumpiga. Lakini ukishika ufunguo, hasira iache juu ya mfuniko. Huko chini hakuna uliyegombana naye."

Tangu siku hiyo alikuwa watu wawili. Kwenye ufunguo alikuwa mpole kama mkunga. Kila robo aliyozungusha aliliambia bomba, "Haya mama, taratibu," na waliopita walimcheka, wakisema heri uzaliwe bomba kuliko uzaliwe jirani yake. Mbali na ufunguo alikuwa Ngumi yule yule. Mwaka 2003 aliwafuma watu wawili wakitoboa bomba ili wajiunganishie kinyemela. Mmoja alimkata panga begani, naye akampokonya panga na kumpiga kwa ubapa mpaka likapinda. Mwaka 2009 alimng'oa mwosha magari meno mawili ya mbele kwa kosa kama hilo, na mahakama ikampa miezi sita ya kufagia soko. Alifagia vizuri. Familia haijivunii meno hayo, ila haitayaficha.

Mkewe, wifi yetu, alimpata kwa kupigwa naye. Ilikuwa mwaka 1992, mtaa wake umekosa maji zamu nzima kwa sababu pampu imekufa, naye akadhani kuna mchezo. Alimngoja Ngumi kwenye shimo la vali na kumtwanga begani kwa ndoo ya bati. Ngumi alinyanyua mkono, akamwangalia vizuri, akaushusha. Ndoo ilikuwa imebonyea. Aliichukua, na kesho yake akairudisha imenyooshwa kwa nyundo, karibu nzima. Walioana Jumamosi ya tarehe 18 Desemba 1993. Wifi aliweka sheria yake siku ya kwanza. "Mkono ukiingia humu ndani umefumbwa, unalala nje." Ulilala nje mara moja tu, pamoja na mwenye mkono, kwenye banda la kuku. Hakumpiga mkewe hata siku moja, wala wanawe, na tunalisema hilo kwa sababu tunajua mlikuwa mnajiuliza.

Walijaliwa watoto wanne. Wa kwanza, binti, aliondoka Februari 1998 akiwa na miaka mitatu. Ulikuwa mwaka wa kipindupindu. Bomba la mtaa wa chini, wanakoishi mpaka leo, lilikuwa limepasuka karibu na bomba la majitaka, na uchafu ukaingia maji yalipokuwa yamefungwa. Zamu ilipofika, Ngumi mwenyewe ndiye aliyefungua vali. Hakujua. Asubuhi mtoto alikunywa, jioni macho yalikuwa yameingia ndani, na siku ya pili walimzika. Mtaa ule ulizika wengi wiki hiyo, na baadhi yenu mna makaburi yenu humu humu.

Baada ya hapo alianza tabia ambayo hakuna aliyemwagiza. Kila alipofungua zamu ya mtaa wa chini, alitembea na maji. Alifungua, akaweka ufunguo begani, akafuata njia ya bomba kwa miguu mpaka bomba la kwanza la watu, akainusa ndoo ya kwanza, ndipo aliporuhusu foleni ianze. Wengi mlimnung'unikia. Mlisema anawachelewesha, mlisema anajifanya daktari. Alifanya hivyo miaka ishirini na sita.

Sasa tunafika Jumamosi ya tarehe 9 Machi mwaka huu wa 2024. Tutaisoma kama wifi alivyoiona, kwa sababu alikuwepo tangu mwanzo, na alikuwa kwenye foleni kama ninyi.

Mtaa wa chini haukuwa umepata maji kwa zamu mbili mfululizo. Ndoo zilipangwa tangu kabla jua halijawaka, watu wana kiu na wana hasira, na maneno yalishaanza kwamba mtaa wa juu wanamwagilia maua. Wifi alikuwa na ndoo yake ile ya bati, ambayo hakuwahi kuitupa. Ngumi alifungua vali, akaanza kutembea na maji. Alipofika kwenye mtaro nyuma ya karakana ya seremala, alikuta chemba ya majitaka imefurika, na mtaro umejaa. Chini ya uchafu ule, bomba la maji lilikuwa limekatwa na mtu wa kujiunganishia, kisha likafungwa kwa vipande vya tairi. Kwa muda wote ambao bomba lilikuwa tupu, lilikuwa likifyonza uchafu. Na sasa maji aliyoyafungua yeye yalikuwa yanausukuma kwenda kwenye ndoo zenu.

Alirudi mbio. Mwanamume wa miaka hamsini na saba, ufunguo begani, alipita mbele ya foleni akipiga kelele, "Msinywe! Mwageni! Mwageni yote!" Ndoo za kwanza zilikuwa zimeanza kujaa, maana siku hiyo watu hawakumngoja anuse. Watu hawakusikia neno la kunywa wala la kumwaga. Walichoona ni mfunga maji anakimbilia kufunga. Wifi peke yake alisikia. Alisema aliposikia neno "mwageni" alimwona binti yake, na akazipiga teke ndoo mbili zilizokuwa mbele yake, moja yake na nyingine ya mtu.

Kwenye shimo Ngumi alishusha ufunguo akaanza. Angeweza kuifunga vali kwa kishindo na kukimbia. Miguu alikuwa nayo. Lakini bomba kuu lile, kuukuu kuliko yeye, ndilo linalopeleka maji hospitali, na tangu 1991 alijua lingefanya nini. Kwa hiyo alizungusha robo, akatulia, akasikiliza.

"Ufunguo weka chini!" mtu alipiga kelele.

"Kuna kinyesi kwenye maji," Ngumi alijibu bila kugeuka. "Nendeni mkaangalie mtaroni. Haya mama, taratibu."

"Amepewa kitu na watu wa juu huyo."

"Zamu yetu hii! Unatufungia zamu yetu?"

Jiwe la kwanza lilimpata mgongoni. La pili shingoni. Wifi alifika akimsukuma kila mtu, akamwambia, "Baba watoto, achia. Watakuua." Akasema, "Bado kidogo tu, mama." Seremala akampiga mbavuni kwa mpini wa koleo, na wote waliokuwa karibu walisikia ubavu ukivunjika. Ngumi aliguna, akazungusha robo.

Huyu ndiye mtu aliyepinda panga la mtu mbele ya macho yenu. Wanaume kadhaa waliokuwa pale walishawahi kula ngumi zake, wanazijua. Walikuwa wakisubiri ageuke, ili liwe pigano, na pigano lingewapa sababu. Hakugeuka. Mikono yake yote miwili ilikuwa kwenye ufunguo, na hakuwa na wa tatu. Mpini ulishuka tena, na tena. Mtu alimpiga teke la figo. Mwingine alimrushia ndoo iliyojaa maji yale yale. Kila baada ya pigo walisikia, "Haya mama," na sauti ilikuwa inapungua.

Hapo wifi aliacha kumwambia aachie. Alimgeuzia mumewe mgongo, akaishika ndoo ya bati kwa mshikio na kuanza kuitembeza. Alimpasua mmoja juu ya jicho, akamvunja mwingine kidole. Mpini uliokuwa unakuja kichwani kwa mumewe aliupokea kwa mkono wa kushoto, huo mnaouona umefungwa plasta. Alisema hakusikia maumivu, alisikia tu kama kijiti kimekatika. Mpini wa pili ulipita juu yake, ukampata Ngumi nyuma ya sikio. Akaanguka kifudifudi juu ya mfuniko uliokuwa kando ya shimo, na damu ikaingia shimoni.

Watu walipoona damu ile walirudi nyuma. Ndivyo ilivyo. Mtu anataka kupiga, hataki kuona alichopiga.

Vali ilikuwa haijafika mwisho. Wifi aliusikia mlio wa maji bado yanapita chini. Mkono mmoja ulikuwa unaning'inia, mumewe yuko miguuni, na alivyotusimulia, alitamani kuubamiza ufunguo ule kwa nguvu zake zote, bomba lipasuke, maji yawasombe wote na seremala wao. Aliuweka ufunguo kwenye kwapa, akausukuma kwa kifua. Robo. Akatulia. Akasikiliza, ingawa hakujua anasikiliza nini. "Haya mama, taratibu," alisema, maana hakuwa na maneno mengine. Alifika mwisho. Maji yalinyamaza. Ndipo alipopiga yowe.

Kaka yetu alilazwa na mbavu tano zilizovunjika, bandama iliyopasuka, na damu iliyovilia ndani ya fuvu. Walimpasua mara mbili. Siku alizoweza kuzungumza hakuuliza nani alimpiga, aliwajua wote. Aliuliza, "Imefungwa?"

"Imefungwa," wifi alimwambia.

"Nani kafunga?"

"Mimi."

Akauliza kwa wasiwasi, "Haraka haraka?"

"Robo kwa robo. Bomba la hapa hospitali linatoa maji, sikiliza." Wifi alifungua bomba la wodini kwa mkono wake mzima, akaliacha lichuruzike. Ngumi alicheka mpaka mbavu zikamkataza, na muuguzi akaja kuwagombeza kwa kupoteza maji.

Polisi walipokuja kuchukua maelezo, aliwaambia wasijisumbue. "Nikitoka hapa nitawapiga mwenyewe, mmoja mmoja, kwa zamu." Wengine mtasema alikuwa anatania. Sisi tulikua naye, na hatuna hakika. Hakutoka. Jumatatu alipoteza fahamu, na Jumanne ya tarehe 19 Machi, alasiri, alifariki wifi akiwa amemshika mkono. Vidole vyake vilikuwa vimejikunja kama vinavyoshika ufunguo, na waliomwosha hawakuweza kuvinyoosha. Tunamzika navyo hivyo.

Mnajua kilichofuata. Kesho yake baada ya kipigo watu wa afya walichimba mtaro ule, na kila aliyetaka kuona aliona. Waliokunywa zile ndoo za mwanzo waliugua, wakatibiwa, wamepona. Hakuna kaburi la mtoto lililochimbwa safari hii. Idara imelitelekeza bomba lile na kupitisha jingine la muda ng'ambo ya barabara, mbali na majitaka, na maji mliyonawa mlipoingia hapa yametoka humo. Seremala na wenzake watatu wako rumande. Wengine wako hapa, wamevaa vizuri, wamekuja kutupa pole. Tumeipokea pole. Msamaha ni kitu kingine, na familia ikiwa nao tayari itawatafuta.

Marehemu alitanguliwa na wazazi wake, Babu wa Vali, na binti yake wa kwanza, ambaye leo analala kando yake. Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu wawili, dada watatu na kaka wawili. Ameacha ndoo moja ya bati iliyobonyea upya, na safari hii hakuna wa kuinyoosha. Ameacha mama wa seremala, aliyeketi pale karibu na nguzo ya hema, mzima. Ameacha wajukuu wa mama huyo, waliokuwa na vikombe mikononi asubuhi ile. Ameacha aliyerusha jiwe la kwanza, na aliyerusha la pili, na watoto wao. Ameacha foleni yote ya mtaa wa chini, kila mmoja na pumzi yake, na kila mmoja anajua alisimama wapi.

Kaka, pumzika kwa amani. Imefungwa.